Kamera Kwenye Foronya

Video haipo. Nilishawaambia jana na leo narudia, ili mkalale. Mmelipekua jina la Madam Odile kwenye simu zenu, mkaona filamu zake, mkaona na picha amevaa ile kofia ya ukindu niliyoipiga brashi mimi kwa mikono yangu. Halafu mkanijia mbio: "Bi Saumu, mbona ule mchezo wa Jeddah unaoupigia makelele kila siku haumo?" Haumo, wanangu, na hautakuwamo. Nitawaeleza kwa nini, na nitaeleza nitakavyo, maana nimestaafu na hakuna wa kunipigia kengele tena.

Nimewasikia pia mkipanga kuurekodi mchezo wenu wa mwezi ujao, simu huku na simu kule, mtie mtandaoni dunia iwaone. Wote mmeshangilia. Mmoja wenu ameitikia kwa kichwa tu, amesimama pale nyuma na sinia ya mahamri, macho kwenye sakafu. Simtaji jina. Asikilize tu.

Kazi yangu ilikuwa kazi za ndani, na sioni haya kuisema. Nimepiga deki Riyadh, nimepiga pasi Jeddah, na hizi nguo zenu za mchezo ninazowatunzia hapa Kisauni zinanyooka kwa sababu ya ujuzi wa huko. Baibui haipigwi pasi kwa nje, itang'aa kama paja la kuku. Igeuze ndani, mvuke kwanza, chuma baadaye. Haya, hilo la bure.

Niliondoka miaka ile ambayo kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa na binti aliyeketi kwenye benchi la ajenti akisubiri viza. Ajenti aliniambia, "Wewe una bahati, unakwenda kwa Wafaransa, watu wawili tu, hawana mtoto." Nilipofika Riyadh, kafili wangu, yaani mwenye dhamana ya viza yangu, ndiye bosi mwenyewe, mhandisi mpole asiyejua hata sukari inakaa wapi. Mkewe ndiye Madam Odile. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono haitulii, na swali la kwanza aliloniuliza tukiwa ndani ya gari lilikuwa, "Saumu, unaweza kukaa kimya kabisa?"

Nikasema naweza, madam. Moyoni nikasema, basi ndiyo hiyo, nimeingia nyumba ya kuzibwa mdomo. Kumbe mwenzangu alikuwa mtengenezaji filamu na mwandishi wa michezo, na alikuwa anatafuta mtu atakayekaa jikoni bila kugonganisha sufuria wakati anarekodi sauti!

Siku zile Saudia majumba ya sinema yalikuwa bado hayajafunguliwa. Yeye alitengenezea filamu zake ndani kwake: meza, dirisha, mikono, pazia likipepea. Nami nikawa naona mambo. Anazima viyoyozi vyote kwa sababu vinavuma, na Riyadh bila kiyoyozi mchana ni kukaa ndani ya jiko la mkaa. Anazima na friji, ati inaimba. Sawa, tukaizima. Tukarekodi, tukafurahi, tukalala. Kesho yake bosi ana wageni wa kazini, nafungua friji nichukue mguu wa kondoo, loo! Harufu ilinirudisha nyuma mpaka ukutani. Bosi wa watu akawalisha wageni wake mayai.

Hapo Madam akanifundisha dawa yake, na ninyi ishikeni: ukizima friji, tia ndani yake kitu ambacho huwezi kutoka bila kukichukua. Yeye alitia ufunguo wa mlango. Mimi nikatia ndara zangu. Bosi akaja siku moja kutafuta jibini, akakutana na ndara zangu zimelala karibu na mtindi. Alizitazama, akanitazama, akafunga mlango polepole, akaenda zake sebuleni bila jibini.

Na adhana je? Pale tulipokaa misikiti ilikuwa karibu karibu, ikianza huku inaitikiwa kule, na hakuna kurekodi mpaka imalizike yote. Madam alijua nyakati za sala kuliko mimi Mwislamu. Nikichelewa jikoni yeye ndiye ananiambia, "Yalla, Saumu, alasiri hiyo, nenda ukasali, na ukirudi tutapata nafasi nzuri mpaka magharibi."

Sasa kosa langu kubwa. Msicheke kabla sijamaliza. Alikuwa anapiga filamu ya meza moja baada ya wageni kuondoka. Meza tu, wanangu. Vikombe vyenye mashapo ya kahawa, ganda la chungwa, kitambaa kimeloa, mkate umeumwa upande mmoja. Alipiga kutwa, akasema kesho ataendelea na jua la asubuhi. Mimi huyo nikaamka alfajiri, nikaingia sebuleni, nikaona uchafu. Mtu wa kazi za ndani akiona uchafu haulizi una kazi gani! Nikasafisha, nikapangusa, nikabadilisha kitambaa, na juu yake nikaweka ua. Nikasimama mlangoni nikisubiri kusifiwa.

Madam akatoka na kamera begani. Akasimama. Akaketi palepale sakafuni kama aliyekatwa miguu. "Saumu," akasema, "umeniosha filamu yangu."

Nikamwambia usijali madam, nitaichafua tena. Nikaichafua kwa bidii, nikapanga makombo, nikapinda kitambaa, nikamwita. Akatazama, akaanza kucheka mpaka machozi. "Haifai. Uchafu wako una adabu mno! Tazama, umepanga makombo yote kwa mstari." Nikatazama, kweli, yalikuwa yamejipanga kama watoto wa shule. Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia nile mkate, ninywe kahawa, nimenye chungwa, nizungumze habari za kwetu, halafu niondoke bila kugeuka nyuma. Hivyo ndivyo meza inavyochafuka. Tangu siku hiyo, mahali pa mchezo sikugusa kitu mpaka nimeuliza, nanyi mkiniona nawafukuza jukwaani na ufagio wenu, mjue nimetoka mbali.

Nikawa mtu wa kazi mbili chini ya kafili mmoja. Asubuhi nafua, mchana nashikilia shuka jeupe dirishani jua lisiingie kwa ukali. Yeye alidhani sauti ya mvua hutengenezwa kwa mchele juu ya sinia. Tukajaribu, ikasikika mvua ya filamu mbaya. Tukajaribu dengu, tukazungusha sinia taratibu, na hapo tukainua macho wote wawili kutazama dari. Ukitaka mlio wa ndege ya abiria inayoruka, washa mashine ya kufyonza vumbi chumba cha pili na ufunge mlango kidogo kidogo. Hayo tuliyagundua pamoja, kwa kubishana.

Katika kubishana huko ndipo aliponieleza maisha yake. Madam Odile alizaliwa mji wa bandari huko kwao, mtoto wa mwanamke aliyefagia jumba la sinema. Sasa mnaelewa kwa nini tulipatana. Mama yake alifika na ufagio filamu ikikaribia kwisha, na mtoto akawekwa kiti cha nyuma anyamaze. Aliona miisho ya filamu nyingi kabla hajaona mwanzo wa hata moja. "Ndiyo maana miisho hainisumbui," aliniambia, "lakini mwanzo hunitoa jasho."

Alipokua akapata kazi ya kukata filamu. Zamani filamu ilikuwa ukanda hasa, unakatwa na kuunganishwa kwa mkono, na yeye akakaa ndani ya chumba cha giza miaka na miaka akikata filamu za wanaume. Ikitoka nzuri, hodari ni bwana yule. Ikitoka mbaya, mkataji ndiye aliyeiharibu. Akachoka, akaanza kuandika michezo yake ya jukwaani. Hakuna jumba lililoitaka. Basi mchezo wake wa kwanza akauchezea ndani ya duka la dobi, katikati ya mashine, na wachezaji ni wafuaji wenyewe. Watu walijaa mpaka nje barabarani! Akaandika mwingine, na mwingine, na mjini kwao kila mtu akamjua.

Kisha miaka ikapita, akatokea bwana mmoja msomi akaandika habari za michezo yote ya mji ule. Jina la Madam hamna. Akamwendea. Yule bwana akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, una ushahidi gani kwamba ilichezwa?" Hana. Hakuna aliyepiga picha hata moja, maana nani angeharibu ukanda wake kwa wafuaji?

Alinieleza haya tukimenya viazi. Alipofika hapo akakitupa kiazi ndani ya sinki, maji yakaturukia usoni. "Tangu siku ile nilijiapia, Saumu. Sifanyi kitu tena bila kamera." Ndipo akaingia kwenye filamu, akapata sifa hizo mnazozisoma. Lakini michezo yake ile ya kwanza ilikuwa inamuuma bado, kama mtu aliyezika watoto bila kaburi. Nilimwonea huruma, na ninamwonea mpaka leo.

Bosi akahamishiwa Jeddah, tukahamia naye. Jeddah ikanifungua kifua. Nilikuwa dukani mtaa wa Ruwais natafuta unga wa sima, nikajisemea peke yangu, "Hapa hakuna kitu bwana," na mwanamke mmoja mnene mwenye baibui ya hariri akageuka. "We! Mtu wa Mombasa huyo?" Huyo ndiye Bi Zuhura. Wazee wake walitoka Unguja baada ya sitini na nne, yeye akazaliwa kulekule, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi zake, kimehifadhiwa kama achari ndani ya chupa. Nyumba yake Ruwais ilikuwa na ukumbi juu, na kila Ijumaa wasichana wa Kenya waliopewa ruhusa na mabosi wao walikwenda kupumzika pale. Walitoka mitaa ya Karantina na Al-Mahjar, Waislamu na Wakristo, wakavua baibui na viatu, wakala wali, wakalia kidogo, wakacheka sana.

Madam Odile akasikia habari, akataka kuja. Bi Zuhura akasema aje, mgeni ni baraka. Ijumaa ile ya kwanza kulikuwa na msichana anayerudi nyumbani. Mnajua desturi yetu: mmoja akifunga safari, kila mtu anamletea mzigo wa kupeleka. Huyu manukato ya mama yake, yule viatu vya mtoto, mwingine blanketi zima limefungwa kwa kamba, na kila mzigo una maneno yake. "Mwambie baba asimpe kaka." "Mwambie mwanangu nimepima kwa kukisia, avae tu hata kama vinambana." Sanduku likajaa, wakalikalia watatu ili lifunge, na mwenyewe nguo zake zimebaki nje.

Madam alitazama bila kupepesa. Tukirudi akaniambia, "Saumu, nimepata mchezo. Na huu ndio wa mwisho." Mkataba wa bosi ulikuwa unakwisha, anastaafu, wanarudi kwao kabla ya joto. Magoti ya Madam yalikuwa yamekwisha pia.

Akauandika, nami nikautia Kiswahili, na ugomvi ulikuwa wa kila siku. Yeye anataka mwenye sanduku aongee kurasa nzima kuhusu upweke. Mimi namwambia, "Madam, mwanamke anayefunga sanduku haongei habari za upweke, anatafuta kamba!" Akakasirika, akaenda kuvuta sigara roshani, akarudi akafuta.

Mwenye sanduku alichezwa na Kadzo. Huyu alikuwa binti wa Kaloleni, kazi yake nyumba moja ya Al-Mahjar, mwembamba, na mwigaji wa ajabu. Akimwiga madam wake anavyokagua vumbi kwa kidole, unakiona kidole cha yule mama, wallahi, na pete zake. Katika mchezo alimwiga huyo madam wake, akamwiga baba wa nyumba, akamwiga ajenti, na ukumbi ukawa haukaliki. Lakini aliniambia mapema, "Bi Saumu, ya humu yaishe humu. Madam wangu akiniona namfanyia hivi, halas, basi tena, narudishwa nyumbani, na mwanangu ndio kwanza ameanza shule."

Bi Zuhura naye alikuwa na sharti moja. Huko Jeddah, kwenye shughuli za wanawake, simu hazipiti mlangoni, kwa sababu ndani watu wamevua baibui, wamevaa nguo zao nzuri, wako huru. "Ukumbi nakupa, bibi," alimwambia Madam, "na chakula nitapika. Kamera hapana."

"Nitaielekeza jukwaani tu," Madam akasema. "Hakuna mtazamaji atakayeonekana."

"Kamera haina adabu ya kutazama upande mmoja," Bi Zuhura akajibu. "Na huyo Kadzo hajavaa baibui jukwaani."

"Je, Kadzo akikubali mwenyewe?"

Madam akageuka, na Kadzo wa watu alikuwa anapita kati yetu na sinia ya vikombe vya chai. "Kadzo, mpenzi, ukirekodiwa wewe peke yako utakubali?" Kadzo akasimama na sinia yake, macho kwenye vikombe. "Sawa, madam," akasema. Madam akapiga makofi kwa furaha.

Nilimkuta jikoni ameegemea jokofu la Bi Zuhura, sinia ameikumbatia kifuani. Nikamwuliza, mbona umekubali? "Ningesemaje, Bi Saumu? Yeye ni madam."

Kesho yake nikamwambia Madam wakati napiga pasi mapazia ya mchezo. Nikamwambia Kadzo hakukubali. Akakunja uso. "Nilimwuliza, akajibu. Yeye si mtoto." Nikasema lakini madam... Akanikata. Ndipo nikamwona anavyoogopa, maana sauti ilimvunjika. "Saumu, nikiondoka bila picha ya mchezo huu, nani atasema ulichezwa? Nani?" Nikaendelea kupiga pasi, na nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa namwonea huruma, vyote viwili kwa mpigo.

Ijumaa ikafika. Mchezo ulikuwa baada ya alasiri ili wasichana wawahi kurudi kwa mabosi wao. Bi Zuhura akaniweka mlangoni nikusanye simu. "Wewe ndiye unafaa," akasema, "una uso wa kukataa." Nikapewa foronya jeupe kubwa, na vipande vya kitambaa vilivyoandikwa nambari, viwili viwili: kimoja kinazungushwa kwenye simu na kupigwa pini, kimoja anapewa mwenyewe. Wanawake wakaja kwa makundi, manukato mpaka ngazini, wakatoa simu zao wakinitania. Mmoja aliniambia, "Saumu, ukiniibia hii nakufuata mpaka Kisauni!"

Mwisho akaja Madam Odile. Amevaa gauni la bluu, amechana nywele, na mkoba wa kamera umefichwa chini ya shali. Shali lenyewe nilikuwa nimelifua mimi, nikajua linavyolala na lisivyolala.

"Madam," nikasema, "mkoba."

"Saumu. Ni mimi."

"Naona ni wewe. Mkoba."

Akasogea karibu, akanong'ona, "Kadzo amekubali. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Wanangu, ikama yangu, kibali changu cha kuishi kule, ilikuwa mikononi mwa mumewe. Chakula changu, tiketi yangu, kitanda changu, vyote kwa huyu aliyesimama mbele yangu. Na nilimpenda, hilo pia lazima niliseme. Lakini nilikuwa nasikia sauti ya Kadzo ndani anajaribu koo lake, nikamkumbuka ameegemea lile jokofu. Nikamwambia, "Madam, mimi nimekubali kila kitu ulichoniambia tangu Riyadh. Unadhani vyote nilivitaka?"

Akanitazama. Niliona maneno yanamwingia, yanashuka. Ngazini hapakuwa na mtu. Akauliza taratibu sana, "Vipi ambavyo hukuvitaka?"

"Tukirudi nitakuambia. Sasa mchezo unaanza."

Akautoa mkoba chini ya shali. Mikono yake, ile isiyotulia, ilitulia. Akaushika kidogo kifuani, halafu akanipa. Nikaupigia pini, nikaushusha ndani ya foronya pamoja na simu za Karantina na Al-Mahjar, nikampa kipande chake cha nambari kama wenzake. Akakifunga kwenye ncha ya shali, akaingia, akaketi mkekani katikati ya wanawake.

Na sasa sikilizeni. Kadzo alipotokea aliangalia kwanza kila pembe. Akamwona Madam amekaa mikono mitupu. Akatazama mlangoni, akaniona na foronya langu limevimba. Akavuta pumzi, na alichofanya hapo hakikuwa kwenye mchezo. Alivuta kiti, akavaa kofia isiyokuwepo, akaanza kumwiga Madam Odile mwenyewe! Anavyochungulia kwa jicho moja. Anavyozima friji. Anavyosema "tena, tena, tena, mara ya mwisho" mara kumi na moja. Ukumbi ulipasuka. Bi Zuhura alianguka kwa kicheko akamwangukia jirani yake. Nikamtazama Madam kwa hofu, nikamwona amefunika mdomo kwa shali, mabega yanaruka, anacheka kuliko wote.

Kisha mizigo ikaanza kuingia sandukuni, na maneno ya kila mzigo, na ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo. Nilikimbia nikawasha mashine yangu ya kufyonza vumbi chumba cha pili, ndege ikaja. Kadzo akalikalia sanduku, likakataa kufunga. Akatoa nguo zake mwenyewe moja moja, akaziweka chini, mpaka likafunga. Katika karatasi za Madam alitakiwa kuondoka hapo. Kadzo hakuondoka. Aliokota gauni lake kutoka sakafuni, akalivaa juu ya nguo alizovaa, na jingine juu yake, na jingine, mpaka akanenepa kama blanketi lililofungwa kamba, na hivyo ndivyo alivyolibeba sanduku akatoka. Vigelegele vilitikisa madirisha. Nimeona sinema nyingi tangu wakati huo, na mwisho kama ule sijauona.

Watu walipokuwa wanakunywa sharubati, Madam alimwendea Kadzo. Alimshika mkono, akamvuta, wakaketi wote wawili mkekani, Kadzo jasho linamtoka ndani ya magauni yake yote. "Kadzo," akamwuliza, "tukirudia Ijumaa ijayo, mimi na wewe tu, ungependa nikurekodi?"

Safari hii Kadzo alimtazama usoni. "La, madam," akasema. "Sitaki."

"Ahsante," Madam akasema, akambusu kwenye paji la uso lenye jasho.

Ndani ya gari hakusubiri hata tutoke Ruwais. "Haya, Saumu. Ni vipi ambavyo hukuvitaka?" Nikaanza. Supu ya vitunguu. Kuamshwa kwa muziki wa fidla. Kuambiwa nionje jibini lililooza ati ndilo zuri. Alikuwa anacheka. Kisha nikamwambia siku aliyoirekodi mikono yangu ikiosha vyombo, nayo ndiyo siku nilipopata habari kwamba shangazi yangu aliyenilea amefariki, naye alisema, "Endelea, hivyo hivyo, ni nzuri sana," nami nikaendelea. Akaacha kucheka. Alinishika mkono, na mimi sikuwa na haja ya kusemewa kitu. Dereva alifika nyumbani, akazima gari, akasema, "Madam, halas, tumefika," na mimi bado naendelea na orodha yangu.

Walirudi kwao, nami nikarudi kwetu. Kadzo alimaliza mkataba wake kwa heshima na mwanawe alisoma. Madam Odile hayuko duniani tena, Mungu ampumzishe, na hiyo orodha ya kazi zake mliyoisoma imekosa mchezo huu pia, kama ile yake ya kwanza. Huyo bwana msomi, au mwingine wa aina yake, akija kuuliza ni ushahidi gani kwamba ulichezwa, mleteni kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Basi nimemaliza. Foronya ninalo, lipo chini ya mashine ya kushonea, na mchezo wenu mkitaka urekodiwe, sikatai, zama ni zenu. Ila wewe pale nyuma, mwanangu. Njoo hapa. Hiyo sinia mpe mwenzako aishike. Keti, keti kabisa, nyoosha miguu. Wenzako walikuuliza ukiwa umesimama. Sasa nakuuliza mimi: unataka?